TAHADHARI: Fundi wa kunyanyua karavani na matela hapa Tanga, anakuuzia ekseli yako mwenyewe

Ndugu zangu wa Tanga, Muheza na Pangani, hasa wenye karavani za zamani (nyumba za kuvutwa na gari), matela ya boti na ya kuuzia chakula, nawaomba msome hadi mwisho. Kuna fundi anajitangaza hapa mjini kwa picha za kazi nzuri, anasema ananyanyua tela lolote likae juu zaidi kwa siku 3 na kufunga ekseli mpya, kile chuma cha chini kinachobeba magurudumu. Nimempa jumla ya shilingi 1,850,000. Ekseli mpya sikuiona. Nilirudishiwa ile ile yangu, imepinduliwa chini juu na kupakwa rangi nyeusi, na breki zimekatwa. Jina lake silitaji kwa kuwa suala liko polisi, lakini namna anavyofanya nitaieleza yote ili mumtambue.

Karavani yangu ni ya Kiingereza, ya miaka ya 70, ina ekseli moja na springi za bapa, zile za vyuma bapa vilivyopangwa. Tunaitumia kwenda Ushongo na familia. Shida yake ilikuwa tumbo kukaa chini mno. Anayevuka Pangani kwenda Bweni anajua: gari likianza kupanda mlango wa kivuko, mkia wa karavani unashuka na kukwaruza zege. Mara mbili bomba la maji machafu liling'oka palepale, abiria wote wakitutazama. Ndipo nikaamua inyanyuliwe.

Fundi alikuja nyumbani Sahare, akalala chini, akagonga gonga. "Mama, hii ekseli imechoka. Nakuletea mpya kutoka Dar, springi tunazipandisha juu yake, unapata inchi 4 bila wasiwasi." Maneno yake kuhusu inchi 4 yalikuwa ya kweli, na hapo ndipo aliponipata. Alitaka 1,400,000 kwanza za kununulia ekseli, kwa simu, namba ikiwa na jina lisilo lake. Nilipoomba risiti ya mashine akasema ataileta pamoja na ekseli. Kijana wangu alipotaka kukaa pale gereji aangalie kazi, akaambiwa mafundi hawapendi kusimamiwa. Siku 3 zikawa 11.

Sasa niwaeleze kazi yenyewe inavyotakiwa, maana kutojua kwangu ndiko kulikomnufaisha. Kwenye tela nyingi za zamani ekseli imekaa juu ya springi, ndiyo maana tela linakaa chini. Ukiihamishia chini ya springi, tela linapanda kwa unene wa ekseli kujumlisha unene wa springi. Kwangu mimi ni kama sentimita 6 na 4, yaani 10. Lakini ekseli inahama bila kupinduliwa. Vikalio vya springi, vile vipande vya chuma ambapo springi inalala, vipo upande wa chini, kwa hiyo fundi anatakiwa achomelee vikalio vipya upande wa juu, avipime viwe sambamba, ndipo afunge. Hiyo ni kazi ya mikono na ya vipimo. Mvivu anaona njia ya mkato: aipindue ekseli nzima, vikalio vya zamani vitazame juu, asichomelee chochote.

Ubaya wake ni huu. Ekseli nyingi za aina hii hazikunyooka. Zimetengenezwa na upinde mdogo, katikati juu kidogo, ili mzigo ukikaa upinde ushuke na magurudumu yasimame wima. Ukiipindua, upinde unatazama chini na mzigo unauzidisha. Magurudumu yanalalia ndani kwa juu, na tairi linaliwa ukingo wa ndani, usipopaona ukisimama kando.

Yangu yaliliwa kwa safari mbili tu za Pangani na kurudi, barabara ya kilomita kama 50. Kwa nje yanang'aa kama mapya. Fundi wa matairi kule Ngamiani ndiye aliyeniita: "Mama, njoo uinamie hapa." Nyuzi za tairi zilikuwa nje. Mungu alituhifadhi, maana siku ile nyuma ya gari walikuwa wajukuu zangu watatu.

Fundi huyo wa matairi ndiye pia aliyeniuliza ekseli hii mpya niliinunua wapi, mbona ina kutu chini ya rangi. Tukachukua brashi ya waya. Upande wa nyuma wa ekseli kikatokea kibati cha kiwanda, herufi zake miguu juu. Siku niliyonunua karavani nilikipiga picha kikiwa upande wa mbele, wima. Nikatoa simu tukalinganisha namba: ni ile ile, tarakimu kwa tarakimu. Nilikaa chini pale pale kwenye tairi bovu. Pesa ile niliikusanya kwa kuuza vitafunwa, wala haikudondoka kutoka mtini.

Yubolti, zile bolti zenye umbo la U zilizoshika springi kwenye ekseli, nazo ni nondo, nondo kabisa ya kujengea, mbavu zake zinaonekana. Imepashwa moto, ikakunjwa, ikachongwa meno ya nati. Hicho ndicho kitu kinachoshika magurudumu yasitoke chini ya nyumba inayotembea!

Lakini kilichonifanya niandike ni breki. Karavani za namna hii hazina umeme kwenye breki. Gari likipunguza mwendo, karavani inasukuma mbele, kile kiungo cha mbele kinachoishika na gari kinaingia ndani na kuvuta fimbo, na fimbo inavuta kebo hadi kwenye magurudumu. Ekseli ilipopinduliwa, matundu ya kebo yakatazama pasipofaa na kebo hazikufika. Yule fundi wa kunyanyua akazikata, akazifunga na waya wa kufungia nondo, zisining'inie nikaziona. Handbreki nayo inategemea kebo hizo hizo. Niliitoa karavani kwenye gari hapa uwani, nikaivuta handbreki ikaja nyepesi kama kamba ya kuanikia nguo, na karavani ikaanza kurudi nyuma polepole kuelekea walikokuwa wanacheza watoto. Jirani alitupa gogo la mnazi chini ya gurudumu. Nilimpigia fundi usiku ule. Akaniambia, "Tulia mama, kesho nakuja," na tangu hapo simu haipatikani, na pale alipokuwa anafanyia kazi sasa wanauza mbao.

Kama tela lako limepita mikononi mwa mtu wa namna hii, usilivute tena kabla hujalikagua. Funga uzi chini ya ekseli kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, ukiwa umevutwa sawasawa. Ukiona katikati ekseli inausukuma uzi kwenda chini, huenda imepinduliwa. Ikiacha mwanya mdogo, au ikiwa imenyooka tu, kwa hilo uko salama. Pitisha kiganja ukingo wa ndani wa tairi. Fuata kebo za breki kwa mkono mpaka kwenye gurudumu, usiridhike kwa kuziona zinaingia chini.

Na anayepanga kunyanyua, kwanza ajue ana ekseli gani. Karavani nyingi za Ulaya za siku hizi hazina springi za bapa. Zina ekseli yenye mipira ndani, na hizo mambo ya kuhamisha ekseli juu au chini ya springi hayahusiki kabisa. Chesisi (fremu ya chini) za kampuni ya AL-KO mtengenezaji mwenyewe amekataza kuzichomelea au kuzitoboa, kwa hiyo fundi anayekuja na mashine ya kuchomelea kabla hajauliza ni chesisi gani, mrudishe. Jambo jingine, ambalo fundi wangu hakuligusa: tela likipanda, kile kichwa cha duara nyuma ya gari nacho kipandishwe, la sivyo karavani inatembea pua chini mkia juu.

Ekseli tumeishusha. Karavani iko juu ya magogo uwani, na waliokuja kuulizia chuma chakavu nimewakatalia, kwa sababu ile ekseli na kibati chake ndiyo ushahidi wangu. Tayari watu wawili wa Pongwe wamenipigia, mmoja ana tela la boti, naye aliahidiwa ekseli kutoka Dar. Kama na wewe umetuma pesa na kazi haijaanza, nenda kachukue tela lako leo, kabla halijainuliwa kwa jeki. Na kama limeshatoka kwake, piga picha kila kitu kabla fundi mwingine hajagusa hata nati moja, kisha uende polisi na ujumbe wa muamala.