Sonata ya Vivaldi: chelo na hapsikodi au na piano?

Hili bishano, chelo (fidla kubwa ya sauti nzito) isindikizwe na hapsikodi (kinanda cha kale) au na piano, haliishi. Chukua sonata yake RV 40 (namba yake kwenye orodha ya kazi za Vivaldi) ya E maina, iliyochapishwa Paris mwaka 1740 hivi: chini kuna mstari wa besi na vitarakimu tu vya kuonyesha kodi (noti za kupigwa pamoja), mpiga kinanda anazipanga mwenyewe. Kwa sauti mi naipa hapsikodi, nyuzi zinadonolewa, noti inakufa haraka, chelo inapata nafasi ya kupumua hasa kwenye ile Largo (sehemu ya polepole) ya kwanza, wakati piano ukikanyaga pedali tu besi yote inakuwa uji. Ila matunzo sasa! Hewa ikibadilika kidogo hapsikodi inapoteza tyuni, bora ujue kuityuni mwenyewe, piano inakaa miezi na kuipata rahisi. Una mtihani wiki ijayo? Piano, ila gusa kiwepesi. Konseti ya ukumbi mdogo na mwenye hapsikodi yupo? Mwite huyo.