TAHADHARI: "Nano ya karafuu" ya kutibu maji ya kunywa, mialo ya Mwanza

Ndugu zangu, kuna chupa za plastiki za ml 100 zinazungushwa mialoni na stendi, zimeandikwa "nano ya karafuu". Mchuuzi anasema matone 5 kwenye ndoo ya lita 20 yanaua kipindupindu na taifodi, hakuna haja ya kuchemsha. Tafadhali, msinywe maji hayo.

Mafuta ya karafuu kweli yanaua bakteria. Yana eujenoli, ambayo hutoboa utando wa bakteria mpaka vilivyomo vikavuja, na yakivunjwavunjwa kuwa vitone vya chini ya nanomita 200 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita) husambaa vizuri kwenye maji. Mnapoibiwa ni kwenye kipimo. Matone 20 ni kama ml 1, kwa hiyo matone 5 ni robo ya ml. Tuseme chupa ni halali na ina mafuta asilimia 5: ndoo nzima imepata kama miligramu 13, haifiki hata miligramu 1 kwa lita. Kuzuia E. coli, bakteria wa kinyesi, maabara huhitaji mamia ya miligramu kwa lita. Ukitia kiasi hicho ulimi unakufa ganzi, maji hayanyweki.

Hapo tumehesabu nano halisi. Jina lake kamili ni nanoemulsheni: ni mafuta, maji na polisobeti 80 ya kuvishikanisha, vikapitishwa kwenye mashine ya mawimbi ya sauti au pampu ya shinikizo kubwa. Blenda ya juisi haifiki huko, inatoa kitu cheupe kama maziwa ambacho baadaye hujitenga. Inua chupa kwenye mwanga: nzuri huwa angavu, au ina ukungu wa bluu kwa mbali. Kisha iache siku 3 bila kuitikisa, utazame na chini pia. Wengi hukosea hapa, wanakagua juu tu, kumbe mafuta ya karafuu ni mazito kuliko maji, yakijitenga huzama. Tabaka likielea juu, shuku mafuta ya kupikia yaliyotiwa harufu. Na chupa ikipita vipimo vyote hivi bado haijathibitika, maana ukubwa wa vitone hupimwa kwa mashine.

Msiipake kwenye vidonda, mafuta haya huunguza. Mtoto akinywa mafuta halisi, vijiko vichache tu vya chai vinaweza kumharibu ini. Msimtapishe. Mkimbizeni hospitali, na chupa mwende nayo.

Maji ya ziwa yachujeni kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa, maana matope hula klorini. Halafu yachemke kwa nguvu dakika 1 nzima, au tieni vidonge vya klorini kama paketi inavyosema na msubiri dakika 30. Mtu aliyekwisha kunywa maji yaliyotiwa matone hayo akianza kuharisha majimaji kama ya kuoshea mchele, asisubiri kesho: apelekwe kituo cha afya sasa hivi, njiani akinyweshwa ORS iliyokorogwa kwa maji yaliyochemshwa.

Kama unayo chupa, usiimwage. Piga picha lebo pande zote, namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda zionekane, uipeleke ofisi ya TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba) hapa Mwanza ikiwa na mabaki yake. Waambie na mahali ilipouzwa, mwalo gani na saa ngapi.