Uzoefu wangu na boksi la vitafunio vya kutoka friza

Ukialika watu chakula cha usiku, nusu saa ya kabla ya mlo ndiyo ngumu. Wageni wameshafika, chungu bado kiko jikoni, na kila mtu ana njaa ya adabu. Boksi hili la vitafunio mchanganyiko nililinunua kwa ajili ya nusu saa hiyo, na limenifaa, isipokuwa kwa aina moja.

Ndani mna vipande 24 vya aina nne: soseji ndogo zilizoviringishwa kwenye unga wa matabaka, vikombe vya uyoga na krimu, viduara vya jibini, na vipande vya mkate mkavu vyenye samaki wa moshi juu.

Soseji ndizo zilizoisha kwanza. Unga wa namna ile huwa na siagi kati ya tabaka na tabaka. Joto la oveni likigeuza maji yaliyomo kuwa mvuke, matabaka yanainuka na kuachana. Ndiyo maana maelezo yanataka uvioke vikiwa bado na barafu, nyuzi 200, dakika 15 hadi 18. Ukiacha viyeyuke kwanza, siagi inalainika na kuingia kwenye unga, na hapo usitegemee kusikia kitu kikivunjika mdomoni. Maelezo hayohayo yanaruhusu maikrowevu. Mstari huo ningeufuta: ganda linatoka limelegea na kunata kwenye meno.

Vikombe vya uyoga ni vitamu, ila vinataka subira, kwa kuwa krimu hubaki ya moto muda mrefu baada ya ganda kupoa. Mgeni wangu mmoja aliungua ulimi, akacheka huku machozi yanamtoka. Vya jibini ni vya kawaida tu.

Mkate wa samaki ndio ulioniudhi. Kitafunio cha kuliwa umesimama, glasi mkono wa pili, lazima kikae imara vidoleni na kiishe kwa kung'ata mara mbili. Hiki kilipinda katikati, samaki akaanguka kwenye zulia. Samaki anapoyeyuka hutoa maji, na kinachoukinga mkate ni safu nzuri ya siagi au jibini laini chini yake. Watengenezaji hawa wameipaka kwa kuionea huruma.

Chumvi iko juu kidogo. Kwa vipande viwili vitatu inaamsha hamu. Zaidi ya hapo watu wanaanza kuomba maji.

Boksi limeandikwa linatosha watu 8, yaani vitatu kwa kila mmoja. Ni sawa kama chakula kinafuata. Kama hakuna kingine nyuma yake, usijaribu.

Nyota tatu kati ya tano. Wakitoa boksi la soseji na uyoga peke yake, nachukua mawili.