Mashine ya Kutoboa Nyasi: Ipi Ununue kwa Ardhi ya Mwanza, Ipi Uiache Dukani

Kabla hujauliza bei, tafuta nondo ya milimita 10 yenye urefu wa mita moja hivi, uende nayo bustanini siku moja baada ya mvua. Ichome ardhini kila baada ya hatua mbili. Ikizama sentimita 10 bila wewe kutoa jasho, udongo wako hauna neno, fedha yako ibaki mfukoni. Ikigoma kwenye sentimita tatu au nne, udongo umeshindiliwa na unahitaji kutobolewa. Ikilia "kwa!" kama imegonga sufuria, hapo pana jiwe, na kwenye Jiji la Miamba mawe ndiyo yatakayoamua ununue nini. Muuzaji hajawahi kufika kwako.

Kazi yangu ni kutunza bustani za watu, kuanzia Capri Point hadi Kiseke, na vuli ikikaribia swali huwa ni lilelile: "Fundi, ile mashine ya kutoboa nyasi ninunue ipi?" Ukoka umekuwa wa njano, maji ya mvua yanatuama juu, mbolea imemwagwa lakini wapi. Chini ya nyasi hizo kuna miaka ya magari ya wageni, viti vya harusi na watoto wa mpira. Mizizi inakosa hewa, maji hayashuki, nyasi zinabaki zimelala juu juu kama kapeti. Vitundu vinafungua njia.

Sasa, si kila tundu ni tundu. Msumari unapoingia ardhini unausukuma udongo pembeni, na kwenye mfinyanzi unashindilia kuta za tundu ukaacha hali ilivyokuwa au mbaya zaidi. Mrija, yaani jino lenye tundu katikati, unang'oa kizibo cha udongo na kukitupa juu, kwa hiyo nafasi inapatikana kweli. Mpangilio wangu hapa chini umefuata kanuni hiyo, halafu mawe, halafu mwinuko.

Wasukuma walishaziita ardhi zao kwa majina muda mrefu kabla ya mashine hizi kuja. Luseni, kile kichanga cha vilimani, mara nyingi hakihitaji kutobolewa. Kipe samadi na maji. Itogolo, lenye tabaka gumu, ndilo linalofaidika sana na mrija, ila ulainishe kwanza. Mbuga, ule udongo mweusi wa mabondeni, hupasuka wenyewe kiangazi, na mvua ikinyesha unanata kwenye mirija kama ugali wa muhogo. Ukiwa na mbuga, subiri siku ambayo donge lake ukilibonyeza linavunjika badala ya kuganda kidoleni.

Nafasi ya kwanza: kitoboleo cha mkono chenye mirija miwili

Najua wengi mlitaka nianze na injini. Lakini kwa nyumba ya kawaida ya Mwanza, yenye bustani isiyozidi mita za mraba 200, mwinuko upande mmoja na mwamba umejificha upande wa pili, kifaa hiki hakina mpinzani. Ni mpini wenye kikanyagio na mirija miwili chini. Unakanyaga, unavuta, unasogea. Ukigusa jiwe mguu wako unajua papo hapo na unahama. Hakiteremki mlima chenyewe.

Hesabu yake ni hii. Ukitoboa kila baada ya sentimita 15, mita moja ya mraba inataka matundu 44 hivi, yaani makanyago 22. Mita 100 ni makanyago 2,200. Kwa mwendo wa makanyago 15 kwa dakika hiyo ni saa mbili na nusu bila kupumzika. Na mtu anapumzika, kwa hiyo weka nusu siku.

Kama dukani hakipo, mafundi wa kuchomelea wa Nyakato watakitengeneza ukiwaelekeza vizuri. Mrija uwe na upana wa ndani wa milimita 13 hadi 15, mdomo unolewe kwa nje ili kizibo kiingie bila kubanwa, na ubavuni pawe na mwanya wa kuchokonolea udongo uliokwama. Mpini ufike kiunoni. Wakitumia bomba la maji lililopakwa zinki, waambie wakwangue zinki kwanza sehemu ya kuchomelea, maana moshi wake ukivutwa humwangusha mtu kitandani kwa homa.

Nafasi ya pili: mashine ya injini ya kusukuma kwa mkono

Hii ni ya wenye mita za mraba 1,000 na kuendelea, zilizo tambarare: shule, hoteli za ufukweni, viwanja vya makanisa, timu zenye uwanja wake. Uwanja wa mpira wa mita 105 kwa 68 ni mita za mraba 7,140, na huwezi kumpa kijana kitoboleo cha mkono kwa kazi hiyo ukalala vizuri usiku. Mashine yenye upana wa nusu mita, ikienda kilomita tatu kwa saa na kupita mara mbili, inataka saa tisa na nusu kabla hujahesabu kugeuza. Panga siku mbili. Kwa kuwa inafanya kazi mara moja au mbili kwa mwaka, shule mbili au tatu zikichanga zikanunua moja, hakuna atakayeikosa. Na ukipata pa kuikodi, ikodi msimu mmoja kabla ya kununua.

Dukani, kitu cha kwanza si rangi wala nguvu za farasi. Mwambie muuzaji ahakikishe ina oili, aiwashe, ashike mpini wa usalama, kisha auachie. Meno na magurudumu yasimame hapohapo. Yasiposimama, ondoka. Na kama ni mtumba, angalia mpini huo kama una alama za kufungwa na mpira wa tubu. Sisi mafundi tuna tabia hiyo mbaya, tunafunga mpini ili mkono usichoke, na siku mtu anapoteleza mashine inaendelea na safari yake, yeye yuko chini.

Cha pili, injini. Tafuta ya mipigo minne (four-stroke) ya aina ambayo mafundi wa hapa wameizoea. Honda GX160, yenye sentimita za ujazo 163, na zile zilizoigizwa kwake, ndizo zinazoendesha pampu nyingi za umwagiliaji, kwa hiyo plagi, kabureta na kamba ya kuwashia utavipata bila kuagiza mbali. Injini ya jina geni inaweza kuwa nzuri kweli, lakini siku ikigoma utakuwa na pambo la kilo mia.

Cha tatu, meno. Yafungwe kwa bolti, moja moja, si kwa kuchomelewa kwenye ngoma. Kwenye mawe yetu utayavunja tu. Nunua seti ya akiba siku hiyohiyo, na kama muuzaji hana seti ya akiba, basi amekuuzia mashine ya msimu mmoja. Cheni na mkanda viwe na kifuniko chake, kimefungwa.

Cha nne, uzito. Nyingi huzidi kilo 90, na ni uzito huo unaozamisha meno. Je, utaipandishaje kwenye kirikuu? Nunua ile ambayo vyuma vya uzito vinatolewa au tangi la maji linamwagwa, kwa sababu kila lita unayomwaga ni kilo moja umeipunguza. Mbao mbili nene, watu wawili, injini imezimwa. Sijawahi kuona aliyeipandisha ikiwa inawaka akajisifia mara ya pili.

Ikishafika nyumbani, usivute kamba kabla ya kuangalia oili. Injini mpya kwa kawaida husafirishwa bila oili. GX160 hunywa karibu lita 0.58, weka mashine mahali tambarare, jaza, pima kwa kijiti. Nimeona mashine mpya ikiuawa ndani ya dakika chache na mlinzi aliyekuwa na hamu ya kuisikia inavyonguruma. Petroli ijazwe nje, injini ikiwa baridi, sigara mbali. Usiiwashe ndani ya stoo hata kama mlango uko wazi; ndani ya moshi wa ekzosi mna gesi inayoua isiyo na harufu ya kukuonya.

Siku moja kabla ya kazi, mwagilia. Weka kopo tupu katikati ya nyasi, na maji yakifika sentimita mbili na nusu ndani yake, funga mpira. Asubuhi yake udongo uwe na unyevu bila kuwa tope. Kisha chukua ile nondo tena, pita eneo lote, na kila panapolia jiwe chomeka kijiti chenye kitambaa. Weka vijiti pia juu ya mabomba na waya. Mabomba mengi ya majumbani kwetu yamefukiwa juu juu kwa sababu chini kulikuwa na mwamba, na waya wa taa ya geti fundi aliufunika kwa udongo wa kiganja kimoja. Meno yanaingia sentimita tano hadi kumi. Muulize aliyejenga, usimuulize aliyepanga.

Mwinuko upime hivi: shika fito la mita moja, ncha moja iguse ardhi upande wa juu, lilale sawa kwa pima maji, kisha pima ncha ya pili iko juu ya ardhi kiasi gani. Sentimita 27 ni nyuzi 15, na hapo ndipo mimi huishia. Kitabu cha mashine kikitaja kikomo kidogo zaidi, fuata kitabu. Panapozidi, rudi kwenye kifaa cha nafasi ya kwanza.

Hili nililipia. Miaka ya nyuma kule Isamilo mama mwenye nyumba aliniambia, "Kijana, hapo chini ya mwembe pana jiwe, babu yako alilishindwa." Nikaitikia "sawa mama," nikaendelea, kwa kuwa nyasi zilionekana nzuri. Meno yakaligonga, mashine ikaruka kama mbuzi, ikanivuta hatua tatu kuelekea ukuta. Nilipouachia mpini ikasimama. Jino moja lilipinda, na mama akaleta chai bila kusema neno, jambo lililoniuma kuliko kugombezwa.

Mvaaji wa ndala asiiguse. Buti ngumu, suruali isiyopepea, miwani, na kitu cha kuziba masikio. Watoto na mbuzi wakae mbali, mita 15 hivi, na mtu mmoja awe na kazi hiyo tu. Washa meno yakiwa juu, shusha ukiwa umeshaanza kutembea, nyanyua kabla ya kugeuza. Kugeuza meno yakiwa ardhini kunachana nyasi na kupinda ekseli. Usiivute kurudi nyuma kuelekea miguu yako. Udongo au mzizi ukikwama, zima, subiri meno yasimame, chomoa kofia ya plagi, ndipo uchokonoe, kwa kijiti, si kwa kidole. Kuchomoa plagi kunaonekana ni usumbufu mpaka siku utakapozungusha jino kwa mkono na injini ikapiga.

Vizibo vya udongo viache juu. Vitakauka na kusagika. Pitisha reki, kisha sambaza mchanga na samadi iliyooza vizuri. Wenye nyumba na hoteli za ufukweni, kuweni na kiasi kwenye mbolea ya dukani baada ya kutoboa. Mvua moja kubwa inaishusha ziwani, na gugu maji halihitaji msaada wenu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imeweka mita 60 kutoka ufukweni kuwa eneo la kulindwa. Ndani ya mita hizo mimi simwagi mbolea, wala sibadilishi oili.

Nafasi ya tatu: uma wa bustani

Chuma kizito chenye meno manne, unakidumbukiza na kukitikisa nyuma kidogo udongo upasuke. Hautoi kizibo, lakini ule mtikiso unafungua kuliko msumari mtupu. Bei yake ndogo, kazi zake nyingi. Kwa aliyepanga nyumba, naweza hata kuuweka wa kwanza.

Nafasi ya nne: ngoma ya kuvuta

Pipa lenye meno, unalijaza maji na kulivuta. Zenye misumari ziache. Zenye mirija zinafaa tambarare tu. Kwenye mteremko pipa la lita 60 linakukimbilia wewe uliye mbele. Na tafadhali, bodaboda si trekta. Mwaga maji kabla ya kulihamisha.

Nafasi ya tano: mashine ndogo za umeme

Nyingi zinazouzwa kwa jina hili zina nyaya nyembamba au visu vinavyochana nyasi kavu juu ya udongo. Ni kazi halali, ila si kutoboa. Ongeza waya wa umeme unaoburuzwa kwenye nyasi ulizomwagilia jana. Kama tayari unayo, itumie nyasi zikiwa kavu na kwenye saketi yenye swichi inayokata umeme unapovuja.

Nafasi ya mwisho: viatu vya misumari

Unavifunga juu ya viatu vyako na kutembea bustanini. Kwenye luseni vinaingia, ambako havikuhitajika. Kwenye itogolo vinagoma, na wewe unabaki umesimama juu ya misumari, mikanda imeshalegea, ukitafuta wa kukushika mkono ushuke.