Mwaka mzima na kano la Zuhura: uzoefu wangu na tiba ya seli shina

Farasi wangu Zuhura alirudi mazoezini bila kuchechemea, nami nikalala nikijua yu mzima. Kesho yake asubuhi nikampapasa nyuma ya mguu wa mbele wa kushoto, kati ya goti na kifundo, nikakuta joto, na kano, ukamba unaounganisha msuli na mfupa, limevimba mfano wa upinde. Tukaanza kumkanda kwa barafu. Daktari alitaka wiki moja ipite kabla ya ultrasaundi, kwa kuwa jeraha la kano huendelea kupanuka siku za mwanzo, na ukipima mapema utaliona dogo kuliko lilivyo.

Picha ilipotoka nilinyong'onyea. Katikati ya kano kulikuwa na tundu jeusi, nyuzi zimekatika, huku pembeni kukiwa salama. Kano lina damu kidogo. Ukiliacha lijiponye litafunga, lakini kwa kovu gumu lisilonyumbuka, lenye kolajeni (protini inayounda nyuzi za kano) iliyopangika ovyo. Farasi akirudi shoti, yaani mbio kali, mara nyingi huumia tena palepale kovu linapokutana na nyuzi nzima.

Kliniki ya kwanza niliyoiendea iliniahidi kwamba sindano moja ingemrudisha Zuhura kazini ndani ya miezi mitatu. Nashukuru sikukubali. Daktari wa pili aliniambia wazi kuwa tiba hizi hazifupishi muda. Ukilipia, unalipia ubora wa kovu. Alinipa njia mbili. Ya kwanza ni kumtoa farasi damu, kuizungusha kwenye mashine, kukusanya plazma (majimaji ya damu) yenye chembe sahani nyingi, zile zinazosaidia damu kuganda, na kumchoma siku hiyohiyo. Ya pili, niliyoichagua, ni seli shina zake mwenyewe, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine.

Walimpa dawa ya kutuliza na ganzi, wakavuta uboho kwenye mfupa wa kidari akiwa amesimama. Nilikuwa nimemshika hatamu na hakutikisika. Uboho ukapelekwa maabara, seli zikazalishwa kwa takriban wiki tatu mpaka zikafika mamilioni, kisha zikadungwa ndani ya lile tundu huku sindano ikiongozwa na ultrasaundi. Kazi ya nusu saa tu. Mguu ulivimba kidogo siku mbili, basi.

Kilichofuata ndicho kilichonichosha. Wiki za mwanzo nilimtembeza kwa mkono dakika kumi, nikawa naongeza tano-tano. Farasi wa kilo 500 aliyefungiwa bandani ana nguvu asizojua azipeleke wapi. Siku moja alisimama kwa miguu ya nyuma nikahisi miezi yote imeteketea. Telki fupifupi, mwendo wa kasi kuliko kutembea lakini chini ya shoti, tulianza mwezi wa nne, baada ya picha nyingine kuonyesha tundu linajaa na nyuzi zinaanza kujipanga kufuata urefu wa kano. Shoti tuliigusa mwezi wa tisa. Kila tulipotaka kuongeza kazi tulipiga picha kwanza, na mara moja tulirudi nyuma wiki tatu kwa sababu ya joto dogo tu.

Je, ni seli au ni subira? Kwa farasi mmoja siwezi kutenganisha. Nilichokishika ni utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2012: kati ya farasi 113 wa mbio waliotibiwa hivi, takriban 27 katika kila mia waliumia tena, kiasi kidogo kuliko ilivyoripotiwa kwa waliotibiwa kwa njia nyingine. Hakukuwa na kundi la kulinganisha ndani ya utafiti wenyewe, kwa hiyo nauchukulia kama dalili njema, si hakikisho.

Mwenzangu ambaye farasi wake aliumia ligamenti, ukamba unaounganisha mfupa na mfupa, alitumia plazma na ameridhika. Ni nafuu zaidi na hakuna kusubiri maabara. Kwa tundu la katikati ya kano kama la Zuhura ningechagua seli tena, ila nisingemshauri asiye na mtu wa kumtembeza farasi kila siku kwa miezi yote hiyo atoe hata senti.

Sasa ni mwezi wa kumi na nne. Kano limebaki nene kidogo na litabaki hivyo. Zuhura anakimbia, nami kila asubuhi, kabla ya tandiko, nainama na kuishika miguu yote miwili ya mbele kwa viganja, nikilinganisha joto.