Vifaa vya kazi ya valvu nyumbani: kipi ununue kwanza, kipi umwachie fundi

Ingia duka la vifaa pale Gerezani, Dar es Salaam, sema unataka kufungua valvu za gari lako mwenyewe. Cha kwanza kuwekwa juu ya meza ni kile kibano kikubwa cha kuminyia springi. Kina chuma kingi, kinavutia, na mwenye duka anajua hivyo. Tatizo ni kwamba kazi nyingi ya valvu inayofanyika uani kwa mtu haifiki kwenye springi kabisa. Mtu anapima tapeti (ile nafasi ndogo kati ya kamshafti, shafti inayofungua valvu, na valvu), anabadilisha shimu (kisahani cha chuma kinachorekebisha nafasi hiyo), au anataka kujua kompresheni, yaani mgandamizo wa silinda, inavujia wapi. Hizo zote hazihitaji kibano. Ndiyo maana kwenye orodha hii kimeshuka hadi nafasi ya sita, na vilivyotangulia ni vitu ambavyo dukani hakuna anayekuonyesha mpaka uulize.

Mifano yangu ni ya injini za Toyota zilizojaa barabarani kwetu: 5A-FE ya Corolla 110, 3S-FE ya Noah na RAV4 za mwanzo, na 1NZ-FE ya Probox, IST na Fielder. Wenye pikipiki nao wana lao humu.

1. Fila geji

Ni seti ya bapa nyembamba za chuma za kupimia nafasi ya tapeti. Usihangaike na kitu kingine kabla ya hii. Mara nyingi haifiki hata bei ya lita tano za petroli, na ndiyo ya kwanza kukwambia kama kuna haja ya kuendelea kutumia hela. Chukua yenye bapa 32, kuanzia milimita 0.04 hadi 0.88. Zile za bapa 13 zina hatua kubwa mno. Honda CG125, kwa mfano, inataka 0.08, na kwenye seti ndogo utaambulia 0.05 na 0.10 tu. 1NZ-FE ikiwa baridi inataka 0.15 hadi 0.25 kwenye valvu za inteki (za kuingiza hewa), na 0.25 hadi 0.35 kwenye ekzosti (za kutoa moshi). "Ikiwa baridi" maana yake imelala usiku kucha. Kuizima saa nzima na kunywa chai hakutoshi.

Zipo zilizopindwa ncha. Kwa injini zenye kamshafti juu, hizo ndizo za kununua, kwa sababu bapa iliyonyooka inagonga ukingo wa hedi (kichwa cha injini) na unaishia kupima mkunjo wa bapa badala ya nafasi yenyewe.

Kuna dhana kwamba tapeti hupimwa zinapopiga kelele. Kwenye injini za ndoo, ambako kamshafti inakandamiza moja kwa moja tapeti yenye umbo la ndoo, mara nyingi mambo huenda kinyume: kiti cha valvu kinalika, valvu inazama ndani ya hedi, shina lake linapanda, na nafasi inapungua. Hapo hutasikia chochote. Valvu ya ekzosti isiyofunga sawasawa haipati mahali pa kupeleka joto lake, kwa sababu joto hutoka kupitia kiti wakati imefunga, basi inaungua ukingo. Anayesubiri kelele atachelewa.

2. Kipima kompresheni

Nunua cha kufunga kwa uzi, achana na kile cha mpira wa kukandamiza kwa mkono. Angalia adapta zilizomo kwenye boksi. Magari tuliyoyataja yanatumia plagi ya uzi wa milimita 14, lakini pikipiki nyingi ni 10 au 12 (plagi ya D8EA ya Honda CG ni ya 12). Boksi lenye adapta moja tu litakulazimisha kurudi dukani.

Toa plagi zote, fungua throto (mlango wa hewa ya injini) mpaka mwisho, piga stata, andika namba ya kila silinda. Toyota hawapendi tofauti kati ya silinda ivuke 98 kPa, yaani kama bar moja. Ukikuta silinda iko chini, weka oili kidogo kwenye tundu la plagi upime tena. Namba ikipanda, shida ni ringi za pistoni. Ikibaki palepale, valvu ndiyo inavuja, au gasketi ya hedi. Kipimo hicho cha dakika chache kimewaepusha watu kufungua hedi isiyo na kosa.

3. Toki renchi, lakini ndogo

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Toki renchi ni ile inayolia ikifika nguvu ya kukaza uliyoiweka. Inayouzwa kila duka ni ya mdomo wa nusu inchi, na nyingi huanzia Nm (niutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza) 28 au 40. Bolti za vifuniko vya kamshafti kwenye 1NZ-FE zinafungwa Nm 13, isipokuwa kile kifuniko cha mbele ambacho ni 23. Toki renchi kubwa haijui hata kama 13 ipo. Utavuta ukisubiri mlio, na mlio utakaousikia ni wa uzi wa alumini unaong'oka kwenye hedi.

Unayoitaka ni ya robo inchi, ya Nm 5 hadi 25. Zipo za King Tony na Toptul kutoka Taiwan, zinazodumu. Za Ingco na Total zinafaa kwa mtu anayefungua injini mara chache, mradi ukimaliza unairudisha kwenye namba ya chini kabisa kabla ya kuiweka kabatini. Ile kubwa utaihitaji siku ya kufunga hedi yenyewe, na hiyo inaazimika.

4. Maikromita ya milimita 0 hadi 25

Hupima unene wa shimu, na ni kwa wenye 5A-FE na 3S-FE, ambazo zina shimu juu ya tapeti. Shimu zinakwenda kwa ngazi za milimita 0.05, na maandishi yaliyochorwa nyuma mara nyingi yameshafutika. Hesabu ni nyepesi: unene wa shimu ya zamani, ongeza nafasi uliyopima, toa nafasi unayoitaka. Shimu ya 2.75 kwenye valvu ya inteki ya 5A-FE iliyopima 0.08, na unataka 0.20, inakupa 2.63. Unachukua 2.65 na kubaki na nafasi ya 0.18. Imekubalika.

Mtu ataniuliza kwa nini asitumie kalipa ya kidijitali aliyonayo. Skrini yake inaonyesha hadi 0.01, lakini zile za bei ya chini hupotea kwa 0.02 au 0.03 bila aibu, na hapo shimu utakayoleta ni ya kubahatisha. Ukiuziwa Mitutoyo kwa bei ya kuchekesha, ujue si Mitutoyo. Maikromita ya kawaida isiyo na jina kubwa, iliyopimwa kwa kile kipande chake cha kurekebishia sifuri, ni bora kuliko jina la kughushi.

5. Kibonyezeo cha tapeti cha kubadilishia shimu

Vipande viwili: kimoja kinashusha ndoo, kingine kinaishikilia chini ili shimu itoke bila kufungua kamshafti. Kwa 5A-FE na 3S-FE kinalipa. Kwa 1NZ-FE usikinunue hata ukipunguziwa nusu, maana injini hiyo haina shimu. Inabadilishwa ndoo nzima, kamshafti lazima zitoke, na cheni lazima ishikiliwe isiruke jino. Ikiruka, pistoni inakutana na valvu.

Ukiamua kutoa kamshafti kwenye hizo mbili za zamani, kuna kifaa maalumu ambacho hakiuzwi kama kifaa: bolti ya M6, uzi wa 1.0, urefu wa milimita 16 hadi 20. Giya la kamshafti limegawanyika mara mbili na lina springi ndani. Hiyo bolti inayafunga mapande mawili pamoja kabla hujalegeza vifuniko. Bila hiyo, kamshafti inanyanyuka kwa pembe na inaweza kupasua hedi pale inapokaa. Ichague kwenye kopo la bolti kuukuu.

6. Kibano cha springi

Sasa tumefika. Kinahitajika kwa kubadilisha sili za valvu, mipira inayozuia oili isishuke kwenye silinda (moshi wa bluu asubuhi unapowasha gari, kisha unapotea) au kwa kusaga valvu. Kuna aina nne, nazo nazipanga hivi.

Ya kwanza ni ya umbo la C yenye adapta ndefu za bomba lililokatwa dirisha ubavuni. Hedi iko mezani, upande mmoja unashika uso wa valvu, mwingine unashuka ndani ya tundu la tapeti. Kabla ya kulipa, pima kipenyo cha tundu hilo kwa kalipa na ulinganishe na adapta. Inayokwangua ukuta wa tundu imekuharibia hedi, na C kubwa ya lori isiyo na adapta haifai kabisa kwa valvu 16.

Ya pili ni mtaimbo wenye reli inayofungwa juu ya hedi. Faida yake ni kwamba hedi haitoki. Kinachozuia valvu isidondoke ndani ni hewa ya kompresa kupitia tundu la plagi, au, kwa asiye na kompresa, kamba safi ya nailoni unayoilisha humo kisha unazungusha kranki taratibu mpaka pistoni iibane juu. Acha ncha ndefu nje.

Ya tatu ni ile ya kugonga kwa nyundo, kama wanayotengeneza Lisle wa Marekani. Ina sumaku ndani inayodaka koleti, vile vipande viwili vidogo vinavyofunga springi kwenye shina la valvu. Kutoa ni haraka, kurudisha kunahitaji moyo.

Ya mwisho ni ya ndoano mbili na skrubu katikati. Inafaa injini za roka (mikono inayosukuma valvu) zilizo wazi. Kwenye tundu la tapeti haiingii.

Vidogo vya kuongezea: koleo la kung'olea sili, kijiti cha sumaku, na kijiti cha mpira pamoja na pesti ya kusagia. Vyote ni vya bei ndogo, vinunue siku unayovihitaji. Pesti isafishwe yote, maana inaendelea kusaga popote itakapobaki.

Usichonunua: vikata viti vya valvu

Seti za kukata viti zinauzwa, na Neway wa Marekani wanatengeneza nzuri kweli. Lakini kiti cha nyuzi 45 chenye upana wa milimita 1.0 hadi 1.4, kikiwa katikati ya gaidi (bomba linaloongoza shina la valvu) iliyoanza kulika, hakikatiki kwa mkono wa kujifunzia. Saga kidogo kwa pesti ufute, kisha angalia alama ya kijivu kuzunguka valvu. Kama imekatika mahali au ni pana kuliko hapo, funga hedi kwenye kitambaa uipeleke kwenye karakana yenye mashine. Waambie wapime gaidi kwanza, ndipo wakate kiti.