Mpiga picha wa bethidei: nimelipa mara mbili, nimeridhika mara moja

Mama mkubwa alipanda basi Songea kuja Dar, safari ya zaidi ya kilomita 900, kwa ajili ya bethidei ya kwanza ya mwanangu. Alishona na gauni jipya la kitenge. Baada ya miezi miwili akanipigia simu: "Mwanangu, picha yangu mbona huitumi?" Nilikuwa na picha mia nne na kitu. Keki imepigwa kila upande, maputo yamo, hata viti vilivyovalishwa vitambaa vyeupe vimo. Mama mkubwa hayumo. Nikakaa nazikuza moja moja mpaka nikaliona gauni lake nyuma ya spika, kuanzia begani kwenda chini. Kichwa kimekatwa.

Sikuwa na jibu la kumpa. Naandika haya kwa sababu ya ile simu.

Yule mpiga picha wa kwanza nilimchagua kwa picha tatu alizonitumia, zote za harusi, zote nzuri sana. Sasa najua kosa langu lilianzia hapo. Picha tatu nzuri mtu yeyote anaweza kuwa nazo. Mwambie akuonyeshe picha zote za shughuli moja, tangu wageni wanafika mpaka wanaaga, na iwe bethidei, si harusi. Hapo ndipo utaona kama wazee wamo, kama watoto wamepigwa macho yakiwa wazi, na kama giza likiingia kazi yake inabaki vilevile.

Makubaliano yetu yalikuwa ya mdomo: shilingi 200,000, "kazi safi, dada usiwe na wasiwasi." Nikamtumia nusu kwa simu. Kadi ilisema saa kumi jioni, yeye akaingia karibu na saa kumi na mbili, ametokea kwenye shughuli nyingine. Mtoto alishalala. Tulikata keki huku mwenye siku yake amelala begani kwa baba yake. Kama mtoto wako ni mdogo, panga keki mapema, mara tu anapoamka usingizi wa mchana, na mpiga picha awepo nusu saa kabla. Ukumbini nako kulikuwa na taa za zambarau, na sura zetu zote zikatoka zambarau. Sikujua kwamba nilikuwa na haki ya kumwambia mwenye ukumbi awashe taa nyeupe kwa dakika kumi tu.

Picha zilikuja WhatsApp. Kwenye simu zilionekana sawa, ila nilipoipeleka moja studio kuisafisha kwa ukubwa wa A4, ikatoka na ukungu, kwa sababu WhatsApp huibana picha ukiituma kama picha ya kawaida. Nikamwomba nakala zenyewe za kwenye kamera. Akasema kadi alishaifuta, amefanyia kazi nyingine.

Mwaka jana mwezi Julai mama yangu alitimiza miaka 70, tukamfanyia sherehe nyumbani Tabata. Safari hii nilimpata binti mmoja kupitia jirani aliyewahi kumtumia. Kabla hata ya kutaja bei akaniuliza maswali: watu wangapi, ndani au nje, keki saa ngapi, turubai rangi gani. Nikashangaa, turubai linamhusu nini? Alhamisi akaja kupaona. Mafundi walikuwa wameshalifunga, la bluu. Akatoa karatasi nyeupe kwenye mkoba, akaishika chini ya turubai, akaniambia, "Dada, hebu itazame." Ilikuwa na ubluu kabisa. Akatoka nayo hatua tatu hadi barazani, penye ukuta mweupe, ikawa nyeupe tena. "Na ngozi ya mama itakuwa hivihivi," akasema. Meza ya keki tukaihamishia barazani siku hiyohiyo.

Keki akaomba iwe saa kumi na moja jioni. Julai jua la Dar linazama saa kumi na mbili na kama dakika ishirini, na likizama giza halichelewi. Shemeji zangu walitaka keki usiku ili muziki uwe umekolea. Nilibishana nao, na sijutii.

Bei ilikuwa shilingi 300,000 kwa saa tano, picha tupu, video haimo. Nililipa 150,000 kianzio, 100,000 siku ya shughuli, na 50,000 nikabaki nayo mpaka nipokee kazi. Yote tuliyaandika kwa ujumbe wa simu: saa ya kufika, saa ya kuondoka, picha zisizopungua 150 zilizoeditiwa, siku za kusubiri zisizidi 14, na zije kwenye flashi. Hakuna aliyemwonea mwenzake. Hiyo 50,000 ya mwisho naishauri kwa kila mtu.

Kitu nilichokipenda kuliko vyote ni kwamba aliniomba majina ya watu wa lazima. Nikamwandikia 11, wa kwanza mama mkubwa. Kisha akataka mtu wa familia anayezijua sura zote, tukampa mdogo wangu. Alitembea naye jioni nzima akimwonyesha kwa chini chini: yule ni mjomba, yule ni mama wa ubatizo. Wazee wetu hawajipeleki mbele ya kamera. Watakaa kwenye kona yao na sahani ya pilau mpaka sherehe iishe, na mpiga picha mgeni atawapita akifuata vijana wanaocheza. Lazima awepo wa kumwambia nani ni nani.

Wakati wa kulishana keki alikuwa ameshaongea na MC, naye akawaomba wenye simu wapishe mbele hadi mama amalize kulisha meza kuu. Watu walinung'unika kidogo. Lakini ndiyo zile picha ambazo mama hana mikono ya watu wala simu usoni kwake.

Mapungufu yapo. Alichelewa dakika ishirini. Ndafu ilipoingizwa kwa vigelegele alikuwa anabadilisha betri, kwa hiyo mbuzi wetu ana picha moja tu, tena ya mkiani. Picha ya ukoo mzima ilipigwa mwishoni, giza limeshaingia, na waliosimama nyuma wametoka weusi. Ile ilipaswa kupigwa mara tu baada ya keki. Na usisahau chakula chake. Mtu anasimama saa tano, mtengee sahani mapema.

Aliomba ruhusa ya kuweka picha kwenye kurasa zake. Nilikubali za mama, baada ya mama mwenyewe kukubali, nikakataa za watoto wa wageni. Wazazi wao hawakuwa wameulizwa, na tangu 2023 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi. Hakuleta ubishi. Mwingine akileta, ujue umekosea mtu.

Flashi ilifika siku ya tisa, picha 183. Ya mama mkubwa nilikwenda kuisafisha siku hiyohiyo, nikaiwekea fremu, nikaifunga kwa khanga mbili na kuipakia kwenye basi la Songea. Amekaa barazani na gauni lilelile la kitenge, mama amemshika mkono, wanacheka kitu wanachokijua wao wawili. Jioni ya pili akapiga simu kuuliza msumari upigwe ukuta gani.